Kufufua pikapu iliyopinduka ili irudi kwenye njia za Masisi

Pikapu nitakayoieleza hapa ni Toyota Hilux LN106 ya kabini moja, injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8, yenye ponti (ekseli) nzima mbele na nyuma na lame (springi za bapa) kwenye magurudumu yote manne. Ilipinduka kwenye mteremko wa Mushaki ikiwa imebeba jibini na maharagwe, ikalala ubavu wa kushoto hadi asubuhi. Dereva alitoka na michubuko tu, tunamshukuru Mungu. Mwenye gari ni mama anayefanya biashara ya jibini kati ya Masisi na Goma, mashariki mwa Kongo. Alipolifikisha kwangu kwa kuvutwa aliniambia, "Fundi, sitafuti gari la kupendeza. Natafuta gari litakalofika." Neno hilo ndilo nililopimia kazi yote.

Nasema hivi kwa sababu vijana wengi wanaoniuliza kuhusu gari la njia mbaya huanza na swali la kuliinua: sentimita ngapi, tairi kubwa kiasi gani. Kwangu hilo ni swali la tano. Gari lililoanguka likainuliwa kabla chasi yake haijanyooshwa litaanguka tena, na safari hiyo litaangukia mbali zaidi.

Hatua ya 1: Usiguse ufunguo

Gari likilala ubavu, oili hutoka kwenye karta (bakuli la oili chini ya injini) na kupenya hadi juu ya pistoni. Oili haishindiliki, tofauti na hewa. Ukiwasha, pistoni itapanda na kugonga oili, na konrodi (mkono unaoshika pistoni) itapinda. Utakuwa umeua injini iliyopona ajali.

Toa kebo ya betri kwanza. Kisha fungua buji zote nne za kupashia moto, weka spana kwenye bolti ya puli ya krenki, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole. Ikigoma, usilazimishe. Kwenye gari hili, silinda mbili zilitema oili hadi kwenye boneti, karibu kikombe cha chai kizima. Baada ya hapo rudisha kebo ya betri, piga staata sekunde chache buji zikiwa bado nje, safisha bomba la hewa na kichujio, kwa sababu oili iliyobaki humo injini huivuta kama mafuta na inaweza kupaa mizunguko bila kuzimika hata ukitoa ufunguo. Badilisha oili na kichujio chake, rudisha buji, ndipo uwashe.

Hatua ya 2: Pima chasi kabla ya kuchomelea chochote

Hapa ndipo ningependa usome mara mbili.

Gari la kwanza nililofufua, miaka mingi iliyopita, nilichomelea kwanza nikapima baadaye. Kwa macho lilikuwa limenyooka. Barabarani lilitembea kama mbwa anavyokimbia, mbele huku, nyuma kule, likala tairi mbili mpya za mbele ndani ya wiki tatu. Nilikata mishono yote kwa grainda nikairudia kwa hela zangu. Tangu siku hiyo futi inatangulia welda.

Fungua kabini na karosari (sanduku la mzigo) uziondoe, chasi ibaki peke yake na ponti zake, juu ya magogo manne. Uwanja wangu ni lava ya 2002, ile iliyoshuka kutoka Nyiragongo ikakata mji katikati, na juu ya lava hakuna mahali palipo sawa. Jeki tupu huteleza au hukaa mshazari. Kwa hiyo natumia magogo mapana, na kusawazisha natumia mpira wa maji, ule mwembamba unaopitisha mwanga, kama waashi wanavyofanya: ncha moja mbele, ncha nyingine nyuma, maji yakilingana na alama zako, umepata usawa.

Sasa shusha timazi kutoka kwenye matundu ya asili ya chasi yanayolingana kushoto na kulia: ya bolti za lame za mbele, ya mikono ya kabini, ya lame za nyuma. Chini ya kila timazi weka kibao cha triplex kilichobanwa kwa mawe, tia alama ya kalamu pale ncha inapogusa. Kisha pima kwa mshalaba: kutoka kushoto mbele hadi kulia nyuma, na kulia mbele hadi kushoto nyuma. Vipimo viwili vya kila mraba vinatakiwa kuwa sawa. Mimi nakubali tofauti isiyozidi milimita 5. Gari hili lilikuwa na milimita 17 kwenye mraba wa mbele, na milimita 2 tu nyuma. Maana yake pigo liliingia kwenye pembe ya kushoto mbele na kuusukuma mguu mmoja wa chasi (boriti ndefu ya upande mmoja) nyuma ya mwenzake.

Pima pia kutoka chini hadi juu kwa ule mpira wa maji, uone kama mguu mmoja umejikunja kama kitambaa kinachokamuliwa. Mkunjo huo ni mbaya kuliko yote, na ukizidi sentimita mbili mimi humwambia mwenye gari atafute chasi nyingine.

Hatua ya 3: Kuvuta, kisha nyufa

Nimelaza chasi ya lori kuukuu chini, imefungwa kwenye lava kwa vyuma vilivyozikwa na zege. Hiyo ndiyo nanga yangu. Minyororo miwili inashika sehemu iliyo nzima, wa tatu unashika pembe iliyorudi nyuma, jeki ya haidroliki inasukuma. Vuta milimita tatu, nne hivi, acha ipumzike, pima. Chuma kina kumbukumbu: ukikivuta hadi kwenye alama, ukilegeza kinarudi. Lazima ukipitishe kidogo ndipo kisimame unapotaka. Kazi hii ilituchukua siku mbili kwa milimita 17, na sijutii hata saa moja.

Usitumie moto wa gesi hadi chuma kiwe chekundu ili kivutike kirahisi. Kitavutika, ndiyo, lakini mahali hapo patabaki laini, na mzigo wa kwanza utapapinda tena.

Baada ya kuvuta, tafuta nyufa. Zipo mahali pawili kwenye karibu kila Hilux iliyofanya kazi milimani: pale sanduku la usukani linapofungwa kwenye chasi, na nyuma ya kabini pale chasi inapopanda kuvuka ponti. Osha kwa brashi ya waya, paka mafuta ya taa, ngoja dakika kumi, futa kabisa, halafu puliza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki nyeupe. Ufa wa sanduku la usukani niliouona kwa macho ulikuwa wa sentimita 3. Chaki ilinionyesha sentimita 7.

Pale ufa unapoishia toboa tundu la milimita 5, ili usiendelee kutembea. Kisha fungua ufa kwa grainda uwe kama herufi V, jaza kwa elektrodi (vijiti vya kuchomelea) za aina ya 7018. Hizi zinataka ukavu. Goma hewa yake ina unyevu mwaka karibu mzima, kwa hiyo mimi huzikausha kwenye oveni na kuziweka kwenye kopo lililofungwa. Elektrodi yenye maji utaisikia inachacharika, na mshono utakuwa na matundu kama mkate. Ukiwa kwenye umeme dhaifu, jioni majirani wote wakiwa wamewasha, subiri au washa jenereta, kwa sababu mshono wa moto mdogo hukaa juu ya chuma bila kushika.

Juu ya ufa uliojazwa weka bamba la unene uleule wa chasi, si zaidi. Ncha zake zikate ziwe za mshazari, kama mkia wa samaki. Chomelea pembeni tu. Usipitishe mshono kukata chasi wima, na usiguse kingo za juu na chini, kwani hizo ndizo zinazobeba mzigo. Fundi akiweka bamba nene la mraba na kulizungushia mshono pande zote, amehamisha ufa kutoka hapa hadi sentimita kumi mbele.

Hatua ya 4: Kabini

Nguzo ya kushoto ya kioo ilikuwa imelala, paa limebonyea. Sikuinyoosha. Nilinunua nusu ya juu ya kabini nyingine huko Birere, hapa Goma, tolie (fundi wa bodi) akaiunganisha katikati ya nguzo akiwa na bomba la chuma ndani ya kila kiungo. Milango ndiyo kipimo: ikifungwa kwa kidole kimoja na uwazi ukiwa sawa juu na chini, kabini imekaa. Mikanda ya viti nilibadilisha yote, maana mkanda uliokwisha kushika mtu kwenye ajali umekwisha kazi yake.

Hatua ya 5: Lame, tairi na urefu

Sasa ndiyo tuinue. Lakini elewa unachoinua. Lame mpya zikinyanyua gari sentimita 5, zinanyanyua chasi na kabini, wala hazinyanyui difu (kibuyu cha gia katikati ya ponti), na difu ndiyo inayogonga mawe. Kinachoinua difu ni tairi pekee, na kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka. Gari hili lilikuja na tairi za 205R16, zenye kimo cha kama milimita 742. Nikaweka za 31x10.50R15 kwenye rimu za inchi 15, kimo kama milimita 787. Difu imepanda milimita 22 hivi. Ni unene wa kidole gumba, lakini kwenye mifereji ya Mushaki unene huo mara nyingi ndio unaoamua kama utapita.

Spidi mita sasa inadanganya: ikionyesha 60, gari linakwenda karibu 64. Mwambie dereva.

Kuinua sentimita 5 ndiyo mwisho wangu kwa gari la mzigo. Likipanda zaidi, uzito wa maharagwe unahamia juu, na gari hili lilikwisha kutuonyesha linavyopinduka. Usikubali pia lame za zamani zilizopigwa nyundo zikakunjwa upya. Nimezijaribu, hulegea baada ya miezi michache. Nunua mpya, nyuma uongeze moja kwa ajili ya mzigo, na yu-bolti ziwe mpya vilevile, kwa kuwa za zamani nyuzi zake zimevutika. Kaza bolti za bushi (mipira ya ncha za lame) gari likiwa chini, limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa hewani, bushi zitakuwa zimejikunja saa zote na zitapasuka.

Angalia mambo matatu baada ya kuinua: mipira ya breki isivutike gari likining'inia, kardani (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) isichomoke kwenye kiungo chake, na usukani urudi wenyewe baada ya kona. Usiporudi, ponti ya mbele imelala vibaya. Weka kabari ya chuma kati ya lame na ponti.

Hatua ya 6: Maji

Difu ikitembea hupata moto. Ikiingia ghafla kwenye mto wa baridi, hewa ndani yake husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Oili yako itageuka rangi ya chai ya maziwa, na beringi zitakula kutu kimyakimya. Dawa ni rahisi: ondoa vipumulio vifupi vya difu zote mbili na gia boksi, unganisha mpira, upandishe hadi juu ndani ya boma la injini. Kazi ya saa moja.

Snokeli, bomba linalopandisha mdomo wa hewa ya injini juu, niliweka pia. Ukimaliza kuifunga, washa injini na uzibe mdomo wa snokeli kwa kiganja. Injini ikizima, hakuna mahali inapovuta hewa pengine. Ikiendelea kunguruma, mahali inapovutia hewa ndipo itakapovutia maji. Tafuta uvujaji huo hadi uupate. Yetu ilikataa kuzima mara mbili, tatizo likiwa klampu moja nyuma ya sanduku la kichujio.

Hatua ya 7: Chini na ncha

Bamba la milimita 4 chini ya karta na gia boksi, lifungwe kwa bolti ili fundi mwingine aweze kulifungua kumwaga oili. Ndoana mbili za kuvutia mbele na mbili nyuma, zote kwenye chasi. Usiziweke kwenye bampa. Basi.

Hatua ya 8: Kulipeleka lilikoanguka

Nilipakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa mzigo wake wa kawaida, nikaenda Sake polepole, nikapanda Mushaki. Tairi niliziacha kwenye upepo wa kilo 2.2 hadi Sake, kwa sababu lava ina makali kama chupa iliyovunjika, na tairi yenye upepo mdogo huvimba ubavuni na kukatwa hapo hapo. Kwenye matope ya juu nikashusha hadi 1.3, nikajaza tena kwa pampu kabla ya kurudi kwenye mawe.

Pale lilipopindukia nilisimama, nikazima injini, nikalala chini na tochi kuangalia kila mshono. Rangi ya kinga haikuwa imepasuka popote.

Nilimwambia mama alirudishe baada ya kilomita 500 bila kukosa, hata kama haoni shida. Alirudi siku ya kumi na mbili, karosari bado ikinukia jibini. Yu-bolti mbili za nyuma kushoto zilikuwa zimelegea robo mzunguko. Nikazikaza, nikampa ufunguo.