Upepo wa tairi kwa pikapu iliyonyanyuliwa
Wenye pikapu zilizonyanyuliwa (zilizoinuliwa juu kuliko zilivyotoka kiwandani), msijaze upepo kwa kufuata namba iliyo ubavuni mwa tairi. Ile ni kikomo. Anzia kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Ukibeba mzigo, ongeza za nyuma.

Ukishuka mchangani, tuseme ufukwe wa Vumawimbi kule Pemba, punguza hadi kama PSI (kipimo cha upepo) 18 au 20: tairi hutandaza unyayo, haichimbi. Ila usikate kona kwa kasi, inaweza kuchomoka kwenye rimu. Kabla ya kurudi lami jaza tena, kwa hiyo pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ina faida kuliko bampa la mapambo (mabampa tunayapenda mno!).

Ukivisha tairi kubwa zaidi, spidomita itasoma chini ya mwendo halisi. Taa za mbele nazo zishushwe, zisimuumize macho anayekuja.