Tairi nene nyuma, jembamba mbele: namna ya kuvalisha bila kuumiza gari

Wiki hii nimemvalishia mteja wa Ipuli gari lake, Mark X. Alitaka nyuma ijae, mbele ibaki ilivyo. Maswali aliyoniuliza ni yale yale ninayoulizwa na vijana wengi hapa Tabora, kwa hiyo nayajibu hapa kwa utaratibu wa kazi yenyewe.

Kwanza mjue msimamo wangu. Kuvaa tairi za upana tofauti mbele na nyuma si kosa; yapo magari yanayotoka kiwandani hivyo. Kinachoua gari ni tofauti ya kimo, yaani urefu wa tairi zima kutoka chini hadi juu. Na unene uwe nyuma, kamwe usiwe mbele. Nyuma ikishika barabara kidogo kuliko mbele, gari hutupa mkia kwenye kona, hasa mvua ikinyesha.

Hatua ya 1: Gari linavuta wapi?

Inama uchungulie nyuma ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukiona shafti zinaingia kwenye magurudumu yote manne, hilo ni fowili, na mimi hapo nakataa kazi. RAV4 nyingi, Forester, hata Mark X zipo zenye fowili. Subaru wanataka mzingo (urefu wa kulizunguka tairi kwa nje) wa tairi zote nne usipishane zaidi ya robo inchi. Ukizidisha, mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma unafanya kazi muda wote hata kwenye lami iliyonyooka, unapata moto na kufa. Bei ya kuutengeneza inazidi mbali bei ya tairi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kimo

Chukua upana, zidisha kwa asilimia ya ubavu, zidisha mara mbili, kisha jumlisha kipenyo cha rimu (inchi moja ni milimita 25.4).

Mbele 225/50R17 (225 ni upana kwa milimita, 50 ni asilimia ya ubavu, 17 ni rimu kwa inchi): 112.5 mara mbili ni 225, jumlisha 431.8, unapata milimita 656.8.
Nyuma 245/45R17: 110.25 mara mbili ni 220.5, jumlisha 431.8, unapata 652.3.

Tofauti haifiki asilimia 1. Safi. Ila ukishawishiwa kuchukua 245/50R17 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, kimo kinafika 676.8, yaani asilimia 3 zaidi ya mbele. ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukikanyaga breki, inalinganisha mwendo wa kila gurudumu, na tofauti kama hiyo inaweza kuichanganya.

Hatua ya 3: Rimu

Tairi la 245/45R17 linataka rimu yenye upana kuanzia inchi 7.5 hadi 9. Usilibane kwenye inchi 7. Matundu ya nati kwa Mark X ni 5x114.3, yaani matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3.

Hatua ya 4: Nafasi ndani ya fenda

Hapa ndipo kazi inapokula siku nzima, na ndipo wengi wanaporudi gereji wakilalamika harufu ya mpira kuungua.

Usipime gari likiwa kwenye jeki. Gurudumu linaning'inia, nafasi inaonekana kubwa, unafurahi bure. Lishushe chini, lisukume mbele na nyuma kidogo ili likae sawa, ndipo upime likiwa bado na tairi la zamani. Kwa ndani, pima kwa rula kutoka ubavu wa tairi hadi chuma kilicho karibu zaidi, iwe shokabu au mkono wa saspensheni. Kwa nje, funga nati kwenye uzi, ubandike uzi kwenye ukingo wa fenda uning'inie wima, kisha pima kutoka uzi hadi ubavu. Andika vipimo vyote viwili, kulia na kushoto, maana gari lililowahi kugongwa pande zake hazilingani.

Sasa hesabu. Kutoka 225 kwenda 245 ni milimita 20, yaani 10 kila upande. Kisha angalia ofseti, ile namba ya ET iliyogongwa kwenye rimu. Ikiwa ya zamani ni ET45 na mpya ni ET35, gurudumu zima linasogea nje milimita 10. Maana yake ndani hakuna kilichobadilika, nje limetoka milimita 20. Je, uzi wako unaruhusu hiyo 20? Kama hauruhusu, tafuta rimu yenye ofseti kubwa zaidi. Spesa (vipande vya kusogeza gurudumu nje) sizifungi, na kugonga ukingo wa fenda kwa nyundo sikubali: rangi inapasuka, kutu inaanza masika ya kwanza.

Ukishafunga, bado. Paka chaki upande wa ndani wa ukingo wa fenda na dari ya uvungu juu ya tairi. Pandisha watu watatu siti ya nyuma, weka ndoo mbili za asali kwenye buti, pita tuta taratibu, kisha ingia njia ya vumbi yenye mashimo. Rudi uangalie. Chaki iliyofutika ndiyo sehemu inayogusa. Gurudumu la nyuma likipanda juu huinama ndani kidogo, kwa hiyo kagua na upande wa shokabu. Shokabu zikiwa zimechoka, badilisha hizo kwanza. Kipimo kingine chote hakitakuwa na maana.

Hatua ya 5: Kufunga

Balansi, kaza nati kwa mtindo wa nyota hadi Nm 103 (soma kwenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza), fanya alaimenti. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100.

Hatua ya 6: Upepo, mtumba na spea

Anza na upepo wa kibandiko cha mlango wa dereva, na usishuke chini yake. Ubavu mfupi hauvumilii mashimo. Tairi za mtumba soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya utengenezaji iliyo ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zilizo ekseli moja ziwe pacha, kampuni moja na kashata (michoro inayoshika barabara) sawa.

Kubadilishana mbele na nyuma sasa hakuna tena, kwa hiyo za nyuma zitaisha mapema, panga bajeti. Spea beba saizi ya mbele. Kwa kuwa kimo kinalingana, ukipata pancha ya nyuma njia ya Mpanda itakufikisha kwa fundi wa karibu kwa mwendo wa pole.