Pundamilia Isiyo na Taa: Nani Apite, Nani Asubiri

Mwanafunzi ninayemfundisha udereva huduwaa kila akifika kwenye pundamilia, yaani mistari ya kuvukia waendao kwa miguu, isiyo na taa, hajui apite au asimame. Hatua hizi nimeziandika kwa ajili yake, na za waendao kwa miguu nimeziongeza kwa kuwa nao wana wajibu wao.

1. Dereva: punguza mwendo mapema. Ukiona kibao au mistari, toa mguu kwenye mafuta na uuweke juu ya breki, hata kama hujaona mtu. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja tu kuitikia, mita hizo zimekwisha na breki bado hujaigusa.

2. Mtu akiwa kwenye mistari, au akianza kuikanyaga, simama. Ndivyo unavyosema Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani. Ziko nchi zinazotaka hata anayesubiri ukingoni apishwe. Mimi nataka wanafunzi wangu wampishe popote walipo.

3. Gari la njia ya pembeni yako limesimama: usilipite. Hapa ndipo watu wanapogongwa. Barabara ina njia mbili za kuelekea upande mmoja, gari la kwanza limesimama, mtu anavuka mbele yake akiamini barabara yote ni salama. Wewe uliye njia ya pili humwoni, hasa lililosimama likiwa lori au basi, na akiwa mtoto ndiyo kabisa. Usidhani limeharibika wala linashusha abiria. Chukulia kwamba kuna mtu mbele yake, punguza mwendo hadi uweze kusimama papo hapo, na usisogee mpaka uone mistari yote ni mitupu. Usipige honi kumharakisha aliyesimama.

Ukiwa wewe ndiye uliyesimama wa kwanza, acha mita kadhaa kabla ya mistari, usiisogelee. Nafasi hiyo humwezesha anayevuka kuonana na dereva wa njia ya pili. Pia usimpungie mkono mtu avuke, wala usimwashie taa. Najua wengi huona huo ni uungwana, lakini unamhakikishia usalama wa njia usiyoiendesha wewe. Simama tu, umwache aamue mwenyewe.

4. Mwenda kwa miguu: pima kwanza. Mkataba huohuo unakutaka uangalie umbali na mwendo wa magari kabla ya kukanyaga barabara. Haki ya kupita haifupishi breki za lori lililokwisha kukaribia.

5. Ukifika ubavuni mwa gari lililosimama, simama tena. Chungulia njia inayofuata kabla ya kuendelea. Simu mfukoni.

6. Kukiwa na kisiwa cha kusubiria katikati ya barabara, hesabu kila upande kama kivuko kinachojitegemea. Subiri hapo, kisha uanze upya kutoka hatua ya 4.