Kumtambua buibui mrukaji kwenye kuta za Lamu

Toka kuanzia saa tatu asubuhi, ukuta ukishapata jua. Vichochoro vingi vya Mji wa Kale ni vyembamba na havina mwanga mpaka mchana, kwa hiyo anza uani au darini. Ukuta wa matumbawe uliobanduka chokaa ndio mzuri: nyufani ndimo wanamolala, ndani ya kifuko cha hariri. Utando wa kunasia hawana. Huwinda kwa macho.

Usisimame kati yake na jua, kivuli kitamfukuza. Mtazame usoni. Macho manne yako mbele, mawili ya kati makubwa kupita yote. Mengine manne yako juu ya kichwa. Sogeza kidole taratibu, naye atageuka akukabili. Buibui bapa anayekimbia kiubavu si yeye. Ukiona "sisimizi" anayepunga miguu ya mbele hewani, hesabu: miguu ikiwa minane, huenda ni Myrmarachne, buibui mrukaji anayeiga sisimizi.

Kwenye kuta zenye jua mtarajie Menemerus bivittatus, bapa kidogo, manyoya ya kijivu, urefu kama milimita 9. Jike ana michirizi miwili myeusi pembeni mwa tumbo. Dume ana mmoja katikati. Plexippus paykulli ni mnene zaidi, na hupenda karibu na taa zinazovuta wadudu. Dume ni mweusi mwenye mstari mpana mweupe kuanzia kichwani hadi tumboni. Hasarius adansoni huingia ndani na kwenye vyungu vya maua: dume ni mweusi, na mwanzoni mwa tumbo ana hilali nyeupe. Yule maarufu wa kula mbu walioshiba damu, Evarcha culicivora, ni wa pande za Ziwa Victoria. Usipoteze muda kumtafuta hapa.

Piga picha tatu: uso, mgongo kutoka juu, ubavu, rula ikiwa kando. Simu ikisogezwa mno hushindwa kulenga. Rudi nyuma kidogo au bandika lenzi ya kukuzia. Zima flashi, maana manyoya hung'aa na michirizi ikapotea.

Rangi peke yake hudanganya. Tazama viguu viwili vifupi vilivyo karibu na mdomo: ncha zikiwa zimevimba, ni dume. Wachanga hawajapata alama za wakubwa, na spishi nyingi hutenganishwa kwa darubini tu kwa kukagua viungo vya uzazi, kwa hiyo kuandika jina la jenasi pekee (neno la kwanza la jina la kisayansi) si aibu.

Ukimfunika kwa gilasi na kadi, kaa naye kivulini na umrudishe ukuta uleule; gilasi juani humuua upesi.