Kufunga Kwaresima ili majivu yasiishie kwenye paji la uso

Injili ya Jumatano ya Majivu, Mathayo 6, inamwagiza anayefunga anawe uso. Dakika chache baadaye padre anatupaka majivu usoni. Kanisa halijajisahau. Majivu hayo, yaliyotokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, ni ishara ya kuanzia tu. Kazi yenyewe iko katika siku 40 zinazofuata, na hiyo haina mashahidi.

Jiandae tangu Jumanne. Andika mambo mawili: utakachojinyima, na jina la mtu mliyenuniana. Liwe jina hasa, kwani "nitawapenda watu wote" haina siku ya kuanza. Mwendee kabla ya Jumapili ya pili. Wengi huahirisha hadi Juma Kuu, na wakati huo kuna mazoezi ya kwaya na ibada kila siku, hapatikani mtu.

Kwa Wakatoliki, sheria ya kufunga inahusu siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na mingine miwili midogo ambayo ikijumlishwa haifikii mlo mmoja kamili. Inawabana wenye miaka 18 hadi 59. Kuacha nyama kunaanzia miaka 14. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari na anayemeza dawa wasikae na njaa. Wajinyime kitu kingine.

Mfungo huharibikia jioni. Mtu anashinda bila kula, kisha usiku anamaliza ugali wa watu wawili. Chakula hakikupungua, kimehama saa tu, na jirani mwenye njaa hakupata kitu. Kwa hiyo toa pesa ya chakula saa ileile uliyozoea kula. Kama chai na chapati mbili ni shilingi 1,500, saa nne asubuhi tia 1,500 kwenye bahasha. Ukisema utajumlisha mwisho wa mwezi, zitakuwa zimeshaliwa. Kila Ijumaa mpelekee mtu ambaye hali yake unaijua, bila picha, bila kutangaza jumuiyani.

Sala iwe dakika 15 alfajiri, mlango umefungwa, kabla hujashika simu. Soma aya tano au sita, si sura nzima. Rudia polepole, kisha nyamaza. Akili itatangatanga. Irudishe kwa neno moja la aya hizo, hata mara ishirini.

Njia ya Msalaba, ile ibada ya kufuata mateso ya Yesu kituo kwa kituo, usiiache. Siku moyo umekauka, magoti yaliyopigwa chini ndiyo yanayousubiri. Shida ni mbio: vituo 14 vinasomwa kama orodha ya mahudhurio. Chagua kimoja ukae nacho juma zima. Cha tano, kwa mfano, Simoni wa Kirene akibeba msalaba usio wake: nani nyumbani kwako anabeba wako?

Jumapili hazimo katika zile 40, basi kula. Ukivunja ahadi siku ya tisa, usianze kuhesabu upya. Endelea na ya kumi, na hiyo ya tisa uitaje kwenye kitubio.