Kumchagulia tandiko farasi mchanga mwenye mgongo kama meza

Mwezi uliopita binamu yangu, aliyekuja Yorkshire kufanya kazi ya usaisi, alinitumia picha ya tandiko likiwa mgongoni mwa farasi, na chini yake maneno haya: "Kaka, linakaa kama kofia ya kuazima." Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba kofia hiyohiyo niliwahi kumvalisha farasi wangu mwenyewe.

Sote wawili tulijifunzia kazi Nairobi, kwa farasi wa mbio waliostaafu pale Ngong: warefu, wembamba, nundu ya mabega imechongoka kama paa la nyumba. Ukiuzoea mgongo ule, jicho lako limeshaharibika. Farasi wa asili wa huku, kama Highland wa Uskoti, Fell na Dales wa kaskazini mwa Uingereza, au Welsh Cob wa Wales, ni kiumbe kingine kabisa. Highland havuki sentimita 148 begani, lakini hadi leo kuna mashamba anakotumika kuteremsha kulungu waliowindwa milimani. Mgongo wake ni mfupi na bapa, mbavu zimetanuka kama pipa. Huyu ninayemtunza ana miaka 5. Kwenye karatasi zake ana jina refu la Kiskoti. Mimi namwita Meza.

Hatua ya 1: Usikimbilie jipya

Farasi hawa hukomaa polepole, na mifupa ya uti wa mgongo ndiyo ya mwisho: huendelea kukomaa hadi mnyama anapokaribia miaka 6. Mimi humpanda mara ya kwanza akiwa na miaka 4, kwa dakika chache tu. Tandiko la kwanza liwe la mtumba, zima, ambalo hutalia siku ya kuliuza. Kumshonea jipya wa miaka 4 ni sawa na kumshonea sare mtoto wa darasa la kwanza ukitaraji aivae hadi sekondari.

Hatua ya 2: Uchore mgongo

Tafuta rula laini inayopindika, ya sentimita 60 hivi. Farasi asimame kwenye saruji, miguu sawasawa, kichwa kimetazama mbele (akiinama kula, mgongo hubadilika umbo). Papasa ukingo wa nyuma wa kombe la bega, rudi nyuma vidole viwili, pinda rula juu ya mgongo, ihamishie kwenye karatasi, fuata kwa penseli. Rudia katikati ya mgongo, kisha penye ubavu wa mwisho. Chora na mstari mmoja wa urefu, kuanzia nundu ya mabega kurudi nyuma. Andika tarehe. Upande wa kushoto uandike "kushoto", la sivyo utafika nyumbani usijue upi ni upi.

Hatua ya 3: Tazama umbo la kiunzi, achana na kibandiko

Hapa ndipo nilipopoteza miezi minne, kwa hiyo nivumilie.

Nilimpima Meza, nikaona ni mpana, nikatafuta tandiko lililoandikwa "pana sana", nikalipa pauni 350. Nikaliweka. Mbele limeinuka, nyuma limelala, nikipanda najihisi nateleza kuelekea mkiani. Nikasema basi, nyuma ni chini mno, nikachomeka sponji nene upande ule. Kwa macho likakaa sawa. Wiki ya pili Meza akawa analaza masikio kila akiniona na tandiko mkononi. Wiki ya tatu akaning'ata mkono wa koti, yeye ambaye hata daktari wa mifugo hajawahi kumkasirikia.

Kumbe tandiko lililoinuka mbele mara nyingi halina shida nyuma. Linabana mbele, haliwezi kushuka, ndiyo maana limening'inia juu. Kuongeza sponji ni kuvaa soksi ya pili ndani ya kiatu kinachobana.

"Lakini limeandikwa pana sana!" Ndivyo alivyonijibu binamu, na ndivyo nilivyosema mimi. Hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote. "Pana sana" ya huyu ni "pana" tu ya yule. Na hata upana ukilingana, umbo bado. Ndani ya ngozi kuna kiunzi, cha mbao na chuma au cha plastiki ngumu, na katika matandiko mengi mbele yake kimekaa kama V iliyopinduliwa. Farasi wa mbio ni V. Meza ni U iliyopinduliwa: juu bapa, halafu mbavu zinashuka ghafla. V iliyo nyembamba humchoma kwa ncha zake za chini, nyuma tu ya bega. Ukiitanua V hiyohiyo, ncha zinaachana na mbavu, uzito unahamia kwenye kingo mbili za juu, na tandiko linayumba kushoto na kulia kama mtumbwi. Nilianza na la kubana, nikalibadilisha kwa la kuyumba.

Unachotaka ni kiunzi cha upinde, yaani cha U. Mwulize muuzaji swali hilo moja. Akikujibu kwa saizi tu, funga pochi. Kisha hakikisha mwenyewe. Kata kadibodi ngumu kwa umbo la mchoro wako wa kwanza, pindua tandiko miguu juu, ingiza kadibodi kati ya mito yake (ile miwili ya chini inayolalia mgongo). Iguse pande zote mbili kuanzia juu hadi chini. Ukiona mwanga juu na mguso chini, au kinyume chake, lirudishe dukani siku hiyohiyo.

Mambo matatu zaidi kabla hatujatoka hapa.

Kuna ile kanuni ya vidole vitatu kati ya tandiko na nundu ya mabega. Kwa farasi wa mbio inasaidia. Farasi ambaye karibu hana nundu ataipita siku zote, hata akiwa amebanwa hadi machozi. Mimi nimeacha kuitegemea.

Matandiko yenye chuma cha mbele kinachobadilishwa nayapenda kwa farasi anayekua, mradi ukumbuke kwamba chuma kinabadilisha sehemu ya mbele tu. V haitageuka U, na mfereji wa katikati, yaani nafasi kati ya mito miwili ambamo uti unapita, hautapanuka kule nyuma.

Yasiyo na kiunzi kabisa husifiwa sana kwa migongo mipana. Siyapendi. Uzito wa vikuku vya kukanyagia hujikusanya mahali pamoja, na juu ya mgongo bapa hakuna kinachozuia tandiko lisilalie uti. Wapo wanaoyatumia kwa amani miaka na miaka, tumekubaliana kutokubaliana.

Hatua ya 4: Urefu na mfereji

Papasa ubavu wa mwisho, wa 18, ufuate kwenda juu hadi mgongoni. Mito ya tandiko iishie kabla ya mstari huo. Mgongo ni mfupi, kwa hiyo kama wewe una makalio kama yangu, chagua tandiko lenye kikalio kikubwa lakini mito mifupi. Mfereji wa katikati uwe na nafasi ya vidole vitatu au vinne, mwanzo hadi mwisho. Mito iwe ya sufu, si sponji: sufu fundi anaweza kuiongeza na kuipunguza kadiri farasi anavyobadilika.

Hatua ya 5: Liweke bila kitambaa

Liweke mbele kidogo, lisukume nyuma hadi lisimame lenyewe. Usifunge mshipi. Weka gololi kwenye kikalio: itulie katikati. Pitisha kiganja chini ya mito, kuanzia mbele hadi nyuma. Mguso uwe uleule. Kama katikati kuna pengo, limekaa kama daraja: linagusa mbele na nyuma tu. Kama linabembea mbele na nyuma, kiunzi kimepinda kuliko mgongo, na kwa farasi hawa wa migongo iliyonyooka utalikuta mara nyingi.

Hatua ya 6: Mshipi wa tumbo

Kwa pipa lile, mshipi hupenda kukaa mbele, karibu na viwiko, na huvuta tandiko lote juu ya mabega. Tafuta tandiko lenye mkanda wa ziada unaotoka kwenye ncha ya mbele ya kiunzi. Dawa ya kukaza mshipi zaidi haisaidii, inamfanya tu akuchukie.

Hatua ya 7: Panda, kisha usome jasho

Kitambaa chembamba cheupe cha pamba, nusu saa, tambarare na mlima, akitembea na akikimbia polepole. Mtu asimame nyuma atazame kama tandiko linakwenda upande. Ukilivua, jasho liwe sawa pande zote. Doa kavu la ukubwa wa kiganja katikati ya jasho, hasa nyuma ya bega, mara nyingi ni mahali palipobanwa. Usisubiri nywele nyeupe ziote. Hizo ni kovu, habari ya zamani.

Rudia michoro kila baada ya miezi mitatu. Majani ya masika humnenepesha mnyama huyu mbele ya macho yako: mchoro wa Meza wa Juni ni mpana kuliko wa Machi kwa upana wa kidole changu kila upande, na tandiko ni lilelile, limepunguzwa sufu tu. Kazi hiyo usiifanye mwenyewe. Chama cha mafundi wa matandiko cha hapa, Society of Master Saddlers, kinatoa vyeti kwa wapimaji. Mwite mwenye cheti, umwonyeshe michoro yako yote, atafurahi.

Binamu amesharudisha lile la kwanza. Jumamosi anajaribu la pili, la U, na nimemwambia safari hii picha aipige kutoka nyuma.