Namna ya Kudai Fidia na Msaada wa Fedha Baada ya Jeraha la Uti wa Mgongo Nchini Kenya

Mtu akiumia uti wa mgongo, swali la kwanza la jamaa zake huwa kama atatembea tena, na swali la pesa huahirishwa hadi siku bili ya hospitali inapotolewa. Kufikia siku hiyo, baadhi ya muda uliowekwa na sheria huwa tayari umepita huku mgonjwa akiwa bado amelala chali wodini. Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii hospitalini, na mwongozo huu nimeupanga kwa utaratibu ninaoufuata kando ya kitanda: jambo lenye muda mfupi zaidi hutangulia, hata kama si lenye pesa nyingi zaidi.

Hatua ya 1: Hakikisha faili la hospitali linasema mgonjwa aliumia vipi

Jeraha ni lile lile, lakini mlango wa kubisha hutegemea chanzo chake. Fundi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la mjengo anamdai mwajiri. Abiria wa matatu iliyopinduka anaidai bima ya gari. Dereva wa kampuni aliyegongwa na lori la watu wengine akiwa safarini kikazi ana njia mbili kwa pamoja, fidia ya kazini na kesi dhidi ya mwenye lori. Aliyeanguka kutoka juu ya mwembe nyumbani kwake hana wa kumdai, naye anaweza kuruka moja kwa moja hadi hatua ya 5.

Kwa sababu hiyo, siku ya kwanza ninapokutana na familia huomba tusome pamoja maneno yaliyoandikwa mgonjwa alipopokelewa. Mara nyingi ni neno moja tu, "ameanguka", kwa kuwa daktari wa zamu alikuwa akipigania uhai wala hakuwa akiandaa ushahidi. Neno hilo moja hutosha kumpa mwajiri nafasi ya kudai kuwa mtu huyo alianguka kwao nyumbani. Mwombe daktari anayemhudumia mgonjwa sasa aongeze maelezo kamili yenye tarehe, kwa mfano kwamba ameanguka kutoka ghorofa ya 3 akiwa kazini, bila kufuta yaliyoandikwa awali.

Siku hiyo hiyo tafuteni mahali pa kuhifadhi karatasi. Mama mmoja aliyemuuguza mumewe aliweka risiti zote ndani ya mfuko mtupu wa unga wa kilo mbili alioutundika kwenye ukingo wa kitanda: nepi, glavu, mipira ya mkojo, dawa, na nauli za teksi alizomwandikisha dereva kwenye kikaratasi na kuzitia sahihi. Mawakili wawili walioona mfuko ule walicheka kwanza, kisha wakauomba.

Hatua ya 2: Ikiwa ameumia kazini, mpe mwajiri taarifa mara moja

Sheria inayohusika ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo watu wengi huiita WIBA. Taarifa ya ajali, iwe ya mdomo au ya maandishi, inapaswa kumfikia mwajiri ndani ya saa 24, na inaweza kutolewa na mtu mwingine kwa niaba ya majeruhi. Nashauri iwe ya maandishi, na hata ujumbe wa simu unaoonyesha tarehe na saa unafaa kuliko maneno matupu. Mwajiri naye ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa kujaza fomu ya DOSH/WIBA 1, ambayo ina sehemu ya daktari. Ikiwa saa 24 zimepita msikate tamaa, kwani mwajiri aliyejua ajali ilitokea hawezi kujificha nyuma ya taarifa iliyochelewa. Muda usiochezewa ni ule wa miezi 12 tangu ajali, ambao dai lazima liwe limewasilishwa kabla haujaisha.

Mwajiri akikataa kujaza fomu, nendeni wenyewe kwenye ofisi ya usalama na afya kazini ya kaunti mkiwa na kitambulisho, ripoti ya hospitali na chochote kinachothibitisha kazi. Vibarua husikia mara kwa mara kwamba anayelipwa kwa siku hana haki, na hilo si kweli. Ushahidi wao bora siku hizi ni taarifa ya M-PESA ya miezi sita inayoonyesha malipo ya kila Jumamosi kutoka kwa nambari ile ile ya msimamizi.

Hesabu yenyewe ni hii. Ulemavu wa kudumu wa asilimia 100 hulipwa mapato ya miezi 96. Aliyekuwa akipata KSh 20,000 kwa mwezi, na daktari akathibitisha ulemavu wa asilimia 100, atastahili 20,000 mara 96, yaani KSh 1,920,000. Ikiwa asilimia ni 60, atapata asilimia 60 ya kiasi hicho, yaani KSh 1,152,000. Ndiyo maana asilimia inayoandikwa na daktari ni jambo la kujadiliwa kwa utulivu, baada ya vipimo, wala si la kukubaliwa kwa haraka wakati uvimbe wa uti haujatulia. Katika kipindi cha kusubiri, majeruhi anastahili malipo ya muda kwa kadiri ya mapato yake hadi miezi 12. Gharama za matibabu na usafiri wa kwenda hospitali ni za mwajiri, na vilevile vifaa vya mtu mwenye ulemavu pamoja na matengenezo yake. Sheria pia inamtambua majeruhi asiyeweza kujihudumia bila msaidizi wa kudumu, lakini malipo hayo sijaona yakitolewa bila kuombwa, kwa hiyo yaombeni kwa maandishi.

Mkurugenzi akishawasilisha dai kwa mwajiri au kampuni ya bima, malipo yanapaswa kufanywa ndani ya siku 90. Jambo moja linalowapotosha wengi ni kwamba dai la mfanyakazi dhidi ya mwajiri wake huanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani, na Mahakama ya Juu iliafiki utaratibu huo mnamo Desemba 2019. Wakili anayekimbilia kufungua kesi dhidi ya mwajiri kabla ya kupitia huko anaweza kuwapotezea muda msioweza kuurudisha.

Hatua ya 3: Ikiwa ameumia barabarani, fuateni gari kabla halijatoweka

Nendeni kituo cha polisi kilichoshughulikia ajali mkachukue abstrakti, yaani muhtasari wa polisi kuhusu ajali, na fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha. Kabla ya kuondoka kwenye kaunta, someni abstrakti mstari kwa mstari: jina la majeruhi liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya gari iwe sahihi, na jina la kampuni ya bima pamoja na nambari ya cheti viwe vimejazwa. Nimeona abstrakti yenye herufi moja ya nambari ya gari iliyokosewa ikimrudisha mzee wa watu kituoni mara nne, naye alikuwa akipanda matatu mbili kila safari. Kisha ombeni, kupitia tovuti ya huduma za NTSA, yaani mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, rekodi ya umiliki wa gari hilo, kwa kuwa jina lililo kwenye rekodi hiyo ndilo mtakalolihitaji kwenye kesi.

Kesi ya kudai fidia kwa uzembe wa dereva inapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu ajali. Gari likiwa la serikali, muda ni miezi 12 pekee. Bima ya lazima ya gari ina kikomo cha KSh milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikitoa zaidi ya hapo, kilichozidi hudaiwa kwa mwenye gari, na ikiwa mwenye gari hana kitu, hukumu itabaki kuwa karatasi. Bodaboda isiyo na bima huwaweka katika hali hiyo hiyo tangu mwanzo, na ni heri mfahamu hivyo mapema kuliko kukopa mkitegemea pesa zisizokuja.

Hatua ya 4: Msitie sahihi wodini

Watu watakuja. Wengine watajitambulisha kuwa wametumwa na wakili, wengine na bima, na wengine watabeba matunda. Mwakilishi wa bima anayeleta hundi ndogo pamoja na hati ya kuondoa madai analeta mwisho wa dai zima, kwa sababu anayeitia sahihi hati hiyo huwa amekubali kwamba amelipwa kila kitu. Wakala anayezunguka wodini akisajili wateja hafanyi kazi halali, na mkataba wa wakili unaosema atalipwa tu kesi ikishinda haukubaliki chini ya Sheria ya Mawakili. Tafuteni wakili wenyewe, hakikisheni ana leseni ya mwaka huu, na makubaliano ya ada yaandikwe.

Mgonjwa ambaye mikono yake imepooza anaweza kuweka alama ya dole gumba mbele ya shahidi, au kumpa mtu anayemwamini hati ya uwakilishi iliyotayarishwa na wakili. Msikubali hati hiyo iandikwe kwa jina la mtu aliyejitokeza kwa mara ya kwanza baada ya ajali.

Hatua ya 5: Msajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu

Hatua hii inawahusu wote, bila kujali chanzo cha jeraha. Mgonjwa hupimwa kwanza katika hospitali ya umma inayoruhusiwa kutathmini ulemavu, ripoti huidhinishwa na idara ya afya, kisha usajili hukamilishwa na Baraza, ambalo huduma zake hupatikana pia kupitia eCitizen. Baadhi ya familia hukataa hatua hii kwa sababu neno "ulemavu" linawauma na wanahisi kwamba kulikubali ni kumkatia mgonjwa tamaa. Ninawaelewa. Hata hivyo, kadi haimzuii mtu kupona, na bila hiyo karibu kila kinachofuata hapa chini hakipatikani.

Aliye na kazi ya mshahara, au anayerejea kazini, aombe msamaha wa kodi ya mapato. Kwa mujibu wa agizo la mwaka 2010, mapato ya hadi KSh 150,000 kwa mwezi hayatozwi kodi, na gharama za dawa, za kuhudumiwa nyumbani na mahitaji mengine binafsi zinaweza kuondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi hadi KSh 50,000 kwa mwezi. Ombi hupitia Baraza na KRA, yaani mamlaka ya kodi, likiambatana na ripoti ya daktari, barua ya mwajiri na hati za mshahara. Msamaha hauji wenyewe kwa sababu una kadi. Ni lazima cheti chake kitolewe na mwajiri akabidhiwe nakala ili akome kukata kodi hiyo.

Hatua ya 6: Pekueni mikopo na akiba za mgonjwa

Hapa ndipo familia nyingi husahau pesa zilizo zao. Mkopo wa benki au wa Sacco mara nyingi huwa na bima inayoulipa mkopaji akipata ulemavu wa kudumu, na ada ya bima hiyo ilikatwa siku mkopo ulipotolewa. Ombeni nakala ya mkataba na msome sehemu ya ulemavu kabla ya kuendelea kulipa. NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ina fao la anayeshindwa kabisa kufanya kazi kwa sababu ya hali ya mwili, na mifuko ya pensheni ya waajiri huruhusu kustaafu mapema kwa sababu ya afya. Ikiwa mwajiri ana bima ya maisha ya kikundi, ulizeni kama inagusa ulemavu wa kudumu. Mchango wa SHA, yaani bima ya afya ya serikali, nao usikatike, kwa sababu vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo yatamrudisha mgonjwa hospitalini bila kubisha hodi.

Hatua ya 7: Msaada wa serikali na wa mashirika

Inua Jamii hutoa KSh 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji mwangalizi wakati wote. Pesa hizo hazitoshi hata nepi, lakini zikija hulipa nauli ya kliniki. Mwoneni chifu na afisa wa maendeleo ya jamii, mwombe jina liandikwe, na mrudi kuulizia, kwa kuwa usajili hufunguliwa kwa awamu.

Kwa kiti cha magurudumu, peleka ombi kwenye Hazina ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu iliyo chini ya Baraza, au kwa shirika la APDK, ambalo limehudumia watu wenye ulemavu wa viungo tangu mwaka 1958 na hutengeneza viti. Kubalini kiti kilichopimwa kwa mwili wa mgonjwa na chenye mto wa kuzuia vidonda. Kiti cha msaada kilicho kipana mno humfanya aegemee upande mmoja, na baada ya wiki chache kidonda hutokea kwenye mfupa wa kalio, ambacho matibabu yake huzidi bei ya kiti chenyewe.

Hatua ya 8: Pesa zikiingia

Fidia iingie kwenye akaunti ya benki ya majeruhi mwenyewe, si kwenye simu ya ndugu anayeijua nambari yake ya siri. Kabla ya kutangaza kiasi kwa ukoo, kaeni na majeruhi mwandike kwanza gharama za kila mwezi zisizoepukika, yaani mipira ya mkojo, glavu, nepi, dawa na ujira wa msaidizi, mzidishe mara 12, kisha mtenge angalau miaka miwili ya kiasi hicho kwenye akaunti maalum. Baada ya hapo rekebisheni mlango wa choo na njia ya kuingilia nyumba, kwa sababu asiyeweza kutoka nje bila kubebwa na watu wawili hawezi kuanzisha hata kibanda. Kinachobaki ndicho cha ng'ombe, ploti au biashara, na uamuzi huo ni wa aliyeumia, hata kama anautoa akiwa amelala.